Jua, Jenereta na Samaki wa Mama Nafula

Siku ya kuniaga, mkiwa mmeshiba pilau, nyinyi vijana wa ofisi mliniambia niandike machache kuhusu kazi. Nadhani mlisema kwa adabu tu, vile mtu humwambia mgeni aliyekwisha simama, "Ungekaa kidogo." Bahati mbaya kwenu, mimi nimekaa. Nina meza, nina muda, na nina mume aliyechoka kunisikiliza. Zamu ni yenu.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilivyokuja mnavijua, na visivyokuja havina la kusimulia. Kazi yangu ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuwaita wakaaji wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, pamoja, waambiwe serikali inafikiria nini kuhusu kawi, kisha na wao waseme wanafikiria nini. Makaa ya mawe au mvuke wa ardhini, jua au dizeli, upepo au bwawa la maji. Kwenye barua za ofisi iliitwa ushirikishaji wa umma. Mtaani iliitwa "ile mkutano ya stima," na mimi nililipenda hilo la mtaani kwa sababu halikuficha kitu. Hata ukija na ajenda ya mitambo ya upepo kule jangwani, swali la kwanza litakuwa mbona stima ilipotea Jumapili asubuhi watu wakipiga pasi nguo za kanisa. Jibuni hilo kwanza. Upepo utangoja.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa soko la Gikomba, upande wa maseremala. Bosi wangu alikuwa Madam Rispa, mama mfupi mwenye asili ya Siaya, aliyevaa viatu vya raba kila siku ya kazi na aliyekuwa na sauti isiyohitaji msaada. Ilikuwa heri hivyo, maana kipaza sauti nilichokibeba kutoka ofisini kilikataa kuwaka. Nilikipigapiga mgongoni. Nilikitikisa. Betri ilikuwa imekufa. Seremala mmoja akaweka randa chini, akanitazama kwa huruma, akasema:

"Kwani ofisi ya kawi imekuja bila kawi?"

Walicheka mpaka wauza mitumba wa upande wa pili wakaja kuona kuna nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Madam Rispa alicheka kuliko wote, akapanda juu ya robota la nguo, akaanza mkutano kwa mdomo mtupu. Siku hiyo tulipata maoni mengi kuliko miezi iliyotangulia. Tukirudi kwa miguu nilimwuliza mbona hakukasirika.

"Watu wakishakucheka wamekuzoea," akanijibu. "Sasa watakuambia ukweli. Ungekuja na spika kubwa wangekupigia makofi, halafu waende nyumbani wakakuseme huko."

Yeye ndiye aliyenifundisha kura ya miguu, ambayo baadhi yenu mnaionea haya mbele ya wafadhili. Madam Rispa hakuamini mikono. Alisema mtu huinua mkono huku jicho liko kwa jirani, lakini miguu ni mizito. Kuitoa hapa na kuipeleka pale, lazima kwanza ukubaliane na moyo wako. Kwa hiyo hakuhesabu mikono kamwe. Aliweka jiko la makaa upande mmoja na mtungi wa gesi upande mwingine, na anayetaka hiki alienda kusimama karibu nacho. Baadaye, mjadala ulipokuwa wa mambo makubwa, tuliweka kipande cha kaa la mawe hapa na kioo cha sola pale. Ofisini walituita walimu wa chekechea. Lakini ripoti zake hazikupingwa hata moja, kwa sababu kila aliyesimama mahali alionekana na mkewe, na chifu, na mchungaji wake.

Mkiitumia, angalieni kivuli. Pande zote ziwe na kivuli sawa au zisiwe nacho kabisa. Madam Rispa aliwahi kukaribia kuripoti kwamba mtaa mzima unaunga mkono makaa ya mawe, kumbe ulikuwa unaunga mkono paa la kibanda. Na soda zitolewe mwisho. Ukizitoa mwanzoni, utabaki na chifu, karani na chupa tupu.

Sala nayo ina mambo yake. Eastlands hakuna mkutano bila sala, na nisingetaka iwe vingine. Lakini yule anayeomba ndiye anayezungumza wa kwanza, tena watu wakiwa wamefumba macho, na hakuna awezaye kumkatiza. Niliyajua hayo katika mtaa wa viwanda wa Baba Dogo. Mjadala ulikuwa ule mkali wa makaa ya mawe: je, nchi ijenge mtambo mkubwa wa kuyachoma ili viwanda vipate umeme wa kutosha, au ishike mvuke, upepo na jua? Ukumbi ulikuwa umejaa wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu. Upande mmoja waliogopa moshi, upande mwingine waliogopa kiwanda kufungwa. Wote walikuwa na watoto wa kulisha, kwa hiyo hakuna aliyekuja kucheza.

Nikamwomba mchungaji mmoja afungue. Akainua mikono.

"Ee Baba," akasema, "wewe uliyeumba jua, na mpaka leo hujatutumia bili."

Ukumbi ukaitika amina kwa kishindo. Nikaona mambo yameharibika kabla hayajaanza. Ndipo akainuka mzee wa kanisa mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda cha vyuma, akasema na yeye amesukumwa kuomba. Ningemkatalia vipi?

"Na tunakumbuka, Bwana," akasema kwa upole, macho yamefumbwa kabisa, "ya kwamba usiku pia ni wewe uliumba. Na zamu ya usiku iko."

Amina ya pili ikaizidi ya kwanza. Nilifungua jicho moja nikamwona Madam Rispa akiuma leso. Tangu hapo mjadala ulikwenda vizuri ajabu, maana hoja zote mbili zilikuwa zimeshafikishwa mbinguni na hakuna aliyeogopa kwamba yake haijasikika. Watu walisikilizana. Yule fundi akaeleza jinsi mashine inavyoharibika umeme ukikatika ghafla, na mchungaji akawa anaitikia kwa kichwa akijifunza. Niliondoka pale nikiwa nimeipenda kazi yangu, na mapenzi hayo hayajaniisha mpaka leo.

Madam Rispa alistaafu, akaenda kwao kufuga kuku, nikabaki na mikutano na viatu vya raba vya kwangu. Nitaruka miaka mingi hapa. Ilijaa mikutano mizuri ambayo ingewachosha, na mikutano mibaya ambayo mingine mlikuwepo. Nataka nifike Jericho.

Jericho ndiko nilikozaliwa, katika zile nyumba za kaunsili. Baba yangu alikuwa dereva, ametoka Machakos, na soko la pale nimelijua tangu nikitumwa nyanya. Kwa hiyo ofisi iliponipa mradi wa soko hilo kuwa wa mwisho kabla sijastaafu, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nyumbani hakuna anayekuogopa.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Paneli za sola zingewekwa juu ya paa la soko, betri chini, na friza kubwa moja ya wachuuzi wote wa vitu vinavyooza. Vingejaribiwa kwa muda, kisha wakaaji waulizwe: vibaki au viende? Wakikataa, vingehamishwa soko jingine lililokuwa likivililia. Na jibu la Jericho lingeingia katika ripoti ya kuamua kama masoko mengine ya Eastlands yaletewe ya aina hiyo.

Aliyesubiri friza hiyo kuliko wote ni Mama Nafula, muuza samaki. Kaka yake, Barasa, humtumia samaki kutoka ziwani kwa basi la usiku, wakiwa kwenye barafu. Asubuhi barafu imekuwa maji. Stima ya soko ilikuwa ikipotea kila mara, na ikipotea ilikaa huko ilikoenda. Hapo kila mtu alikimbilia jenereta ya Musyoka, aliyewauzia wachuuzi umeme kwa waya zilizoning'inia juu ya vichwa vyetu. Musyoka alikuwa mtu mwema, lakini dizeli haina wema, na faida ya Mama Nafula iliishia humo. Akikosa ya dizeli, ilimbidi ifikapo jioni agawe samaki kwa bei ya kuwaaga tu. Alikuwa ameniambia wazi, akipaa magamba bila kuinua kichwa:

"Madam, mimi nimechoka. Hii friza ikikataa, narudi nyumbani. Barasa ameshaniambia shamba iko. Lakini nikuambie ukweli, sitaki. Mimi ni mtu wa soko. Huko nitaongea na nani, mahindi?"

Nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Musyoka naye nilimwelewa. Jenereta ile ilikuwa imesomesha watoto wake, na sasa serikali ilikuwa inaleta kitu cha kumfanyia kazi yake bila hata kunywa chai. Siku paneli zilipoletwa alinifuata hadi getini.

"Mwende, wewe ni msichana wetu wa Ukambani," akasema. Msichana mwenyewe nilikuwa nimebakiza miezi nistaafu. "Unaniletea jua niende wapi? Jenereta nikivuta kamba inaitika. Jua utalivuta wapi?"

Nikamwambia ayaseme hayo hayo mkutanoni, tena kwa maneno hayo hayo, maana ilikuwa hoja nzuri. Akashangaa. Nadhani alitaka nimpinge.

Mafundi wakaweka paneli, wakaunganisha friza, wakawasha, wakaenda zao. Friza ikafanya kazi vizuri siku ya kwanza. Kisha ikaanza kulegea, na haikupita muda ikawa kabati. Taa ya kisanduku cha betri ikawa nyekundu. Samaki wa Mama Nafula wakaharibika humo, na safari hii hakupata hata nafasi ya kuwaaga. Tukawapigia mafundi simu, wakauliza kama jua linawaka. Linawaka kabisa, tukasema, tunachomeka. Akaja mmoja, akakagua betri na waya zilizo chini, akaomba ngazi, akakuta ngazi imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amekwenda mazishi. Akaandika "jua halitoshi" akaondoka. Mimi mwenyewe niliangalia juu mara nyingi, lakini paa la soko lina ukuta mfupi mbele, na ukiwa chini huoni ila anga.

Kwa hiyo siku ya mkutano ilipofika, nilijua tunakwenda kuuzika mradi. Jenereta ya Musyoka tuliiweka upande wa kulia wa uwanja, friza tukaikokota hadi kushoto, vivuli sawa. Watu wakajaa. Tukasali, kwa bahati sala ya kawaida tu. Kisha maneno yakaanza.

Fundi cherehani mmoja akasema: "Madam, kuna kitu sielewi. Hii stima ya kawaida si tuliambiwa inatoka kwa mvuke na mito? Hiyo si safi? Mbona mnatuletea ingine?"

Swali zuri, nikamwambia. Ni safi, na tujivunie. Shida haiko inakozaliwa, iko njiani. Transfoma ya soko na waya zake vimezeeka, na kuvibadilisha kuna foleni. Sola haikuja kugombana na mvuke, ilikuja kukaa mahali mvuke haufiki salama.

"Sawa," akasema, "lakini na hii pia haijafika."

Watu wakacheka. Musyoka akasimama, akasema maneno yake ya kamba na jua, yakapokelewa kwa shangwe. Akaongeza kwamba Aprili mvua ikianza hata hilo jua dogo litaenda likizo. Mama Nafula akasema maneno machache tu.

"Mimi sina maneno mingi. Samaki hangojangi mjadala. Mnipe kitu inafanya kazi, ikiwa ya jua, ikiwa ya dizeli, hata ikiwa ya punda. Lakini dizeli inanikula."

Akaketi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alikuwa tayari ana uso wa mtu aliyefunga mizigo. Niliwatazama watu, nikaona miguu imekwisha geuka kuelekea kulia hata kabla sijaita kura.

Madam Rispa alinizoeza kwamba kabla ya kura niulize mambo ya usafi na utunzaji, kwa sababu baada ya kura hakuna anayekaa kusikiliza. Basi nikauliza kwa mazoea, nikijua ni bure: paneli zinatunzwa na nani?

Akainuka Mama Kasyoka, mwenyekiti wa kina mama wa soko. Huyu huuza mboga, na mikono ikiwa haina mboga inafuma. Hakuna nyumba Jericho isiyo na kitambaa chake juu ya kochi. Alisimama wima, kilemba kimenyooka, akiwa na fahari ya haki kabisa.

"Madam, hiyo usiwe na wasiwasi. Zile vioo hazijaguswa na vumbi hata siku moja. Ni mpya vile zilikuja. Tulizifunika."

Nikauliza zimefunikwa na nini.

"Na vitambaa," akasema. "Nilitoa pazia nzito Gikomba, nikafuma maua kwa mipaka. Tulipanda na kina mama siku ile mafundi walienda. Tunangoja mgeni rasmi akate utepe, ndio tuzifunue."

Mgeni rasmi, kwa taarifa yenu, alikuwa ameahirisha kuja mara kadhaa, na hadi naandika haya hajatokea.

Uwanja mzima uliinua macho kuelekea paa. Msimcheke Mama Kasyoka haraka. Nendeni sebuleni kwenu. Runinga ina kitambaa. Kochi lina vitambaa, na chini yake pengine bado lina ile nailoni ya dukani. Rimoti imevikwa karatasi ya plastiki na kufungwa raba. Sisi tumelelewa hivyo: kitu kipya hakikai uchi, na kitu cha wageni hakitumiwi na wenyeji mpaka mgeni aje. Nani angemwambia kwamba kuna kitu duniani ambacho kukiheshimu ni kukiacha kipigwe na jua na vumbi? Sisi wataalamu tulileta kurasa za maelezo kuhusu betri. Hakuna aliyeandika "msifunike." Ingekuwa matusi.

Wa kwanza kusema ni Mama Nafula. Alimgeukia rafiki yake wa miaka yote, akamwangalia kutoka kilemba hadi kiatu.

"Kasyoka," akasema polepole, "kumbe ulinifunikia jua?"

Mama Kasyoka akashika mdomo. "Woi. Na mimi nilikuwa nakuombea kila siku iwake."

Hapo sasa. Mama Nafula alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda, kikamshinda, akakaa chini kwenye ndoo yake. Uwanja mzima ukafuata. Chifu alivua kofia akajipangusa macho nayo. Mimi nilicheka nikalia, na sioni haya kusema kwamba nusu ya machozi yalikuwa ya kweli, maana jua halikuwa limeshindwa kitu. Lilikuwa halijaanza.

Ngazi ikaletwa, mwenye ufunguo akiwa amerudi toka mazishini. Vitambaa vikateremshwa mkono kwa mkono, vizuri kweli, vina maua ya zambarau pembeni. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama vinauzwa.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mkutano ulikuwa umeitishwa kisheria, watu walikuwepo, na wengi walikuwa tayari upande wa jenereta. Mtu yeyote angeweza kudai kura ipigwe papo hapo, nami ningelazimika kuipiga. Nikamtazama Musyoka. Kila mtu alimtazama. Alikuwa ameegemea jenereta yake, mikono mifukoni, ushindi uko mbele yake umekaa. Akakohoa.

"Mimi siwezi kwenda kuambia watu nimeshinda jua," akasema, "na mwenye nimeshinda ni kitambaa. Wapeni wiki. Wakishindwa, washindwe wakiwa wamefunuliwa."

Nimewasikia wakubwa wakihutubia mikutano ya kawi kwenye mahoteli, wenye miwani na maji ya chupa. Sijasikia hotuba nzuri kuliko hiyo.

Ile wiki ilikuwa ndefu. Mama Nafula alimpigia Barasa, akaomba kikapu kimoja cha mwisho, na akaniambia ni cha mwisho kweli, sababu hana moyo wa kuzika wengine. Nilimshauri aweke samaki wachache kwanza. Akakataa, akawaweka wote. Siku za kwanza taa ilibadilika ikawa kijani, na watu wakawa wanapita kuiangalia wakitoka kazini. Kisha Alhamisi kukaja lile wingu la Nairobi lenye baridi ambalo haliondoki wala halinyeshi. Nikawa nachungulia dirishani ofisini kama mwenye nguo kwenye kamba. Jioni nilipofika sokoni nilimkuta Musyoka ameinama, ameweka kiganja juu ya friza.

"Bado inanguruma," akasema bila kunitazama. Kisha akaongeza, "Jenereta nimeijaza. Ikinyamaza hii, niiteni. Sitaitisha kitu. Huyu mama akienda kwao, nani atanikaangia samaki?"

Haikunyamaza. Jumamosi watu walijaa kuliko mara ya kwanza, wengine wametoka mitaa ya mbali, kwa sababu habari ya vitambaa ilikuwa imetembea. Sala ilipoisha sikusema lolote. Nilimwomba Mama Nafula afungue. Akafungua, akaingiza mkono hadi begani, akatoa samaki mmoja wa ngege, akampiga juu ya meza ya chifu. Ko! Sauti ya ubao. Akampiga tena, nadhani kwa raha yake mwenyewe.

Nikaita kura ya miguu. Watu wakatembea. Fundi cherehani alikwenda kushoto, kwenye friza, huku akisema swali lake kuhusu transfoma bado liko na nisijidai nimelisahau. Mama Kasyoka alikwenda akiwa ameinua kichwa. Wachache walibaki kulia, wauza simu na wachomeleaji, na walikuwa na sababu zao, nikaziandika. Ndipo nikaona Musyoka amechukua kigoda chake, akatembea nacho hadi katikati ya uwanja, akakaa.

Nikamwambia achague upande.

"Nimechagua," akasema. "Mchana ni wao. Wingu ikikaa wiki, ni mimi. Andika hivyo."

Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kukaa katikati, wala Madam Rispa hakunifundisha la kufanya. Nikaandika hivyo. Kisha mchomeleaji mmoja akatoka kulia akaja kusimama nyuma ya kigoda, na mwingine, na wengine wakatoka kushoto, mpaka katikati kukawa ndiko kwenye watu wengi. Ripoti ya Jericho ikasema sola ibaki, jenereta iwe akiba, na Musyoka alipwe kuvitunza vyote viwili. Mpaka leo huko juu wanaibishania, nasikia, na wanaibishania vizuri. Mkiletewa muifupishe, msilitoe lile pendekezo la katikati.

Nilikuwa nasoma azimio hilo kwa sauti, azimio la mwisho la kazi yangu yote, nilipogundua kwamba hakuna anayenisikiliza. Wote walikuwa wamemgeukia Mama Nafula. Alikuwa amesimama karibu na friza, simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili, anapiga kelele vile watu wa ziwani hupiga wakidhani simu haifiki mbali mtu asipopaza sauti.

"Barasa. Barasa, unanisikia? Ile shamba, lima wewe. Nimesema lima wewe. Mimi? Mimi siji. Tuma samaki." Akasikiliza, akatazama ndani ya friza, akapima kwa macho nafasi iliyobaki. "Hapana, si kikapu. Ongeza."

Akaweka simu kifuani, akatuona tumemkodolea macho, mimi na chifu na soko zima.

"Nyinyi endeleeni na mkutano," akasema, akifunga aproni. "Mimi niko na wateja."